Vidole Viwili Chini ya Pafu

Pafu lenye afya halina picha. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa kwenye kozi ya miezi mitatu, na katika shule zote nilizopita nusunusu ndilo pekee lililobaki kichwani likiwa zima. Unapaka jeli, unabandika probu, kile kichwa cha mashine ya mawimbi ya sauti, kati ya mbavu mbili, mawimbi yanapita ngozi, yanapita nyama, yanafika kwenye utando wa pafu. Pale yanakuta hewa, yanarudi yalikotoka. Kwenye kioo cha mashine unaona uzi mweupe unaoteleza mtu anapopumua, na chini ya uzi hamna kitu, kivuli tu. Ugonjwa ndio wenye picha.

Buchumi alikuwa na picha nyingi.

"Vuta pumzi," nikamwambia. "Shikilia. Achia polepole."

Alivuta, akashikilia, akashindwa hapo kwenye polepole. Akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nilimsubiri. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mkorogaji kwenye makarai ya chumvi ya Nyakasunu, na mikono yake ilikuwa imepauka kwa chumvi hadi viwikoni kama watu wote wa pale. Kucha zake zilikuwa zimevimba mviringo, vidole kama vya chura. Vidole vya namna hiyo nikiviona najua kabla ya kuwasha mashine.

"Unaona nini humo, mzee?"

"Mikia."

"Mikia ya nini?"

"Mistari myeupe inayoshuka kutoka kwenye uzi. Kila mkia ni ute uliokwama karibu na ukuta wa pafu."

Akageuza shingo atazame kioo. "Basi humo ndani kuna zizi zima."

Watu waliokaa juu ya magunia wakacheka. Tulikuwa kwenye ghala la chumvi, mlango wazi, na nje yake makarai arobaini yalikuwa yanachemka bila moto. Kuni za nchi ile zilikwisha enzi za babu zao. Siku hizi wanageuza vioo vikubwa kulifuata jua, na jua linapika maji ya kisima hadi yabaki chumvi. Mvuke ulikuwa unaingia ghalani na kutulowesha nyusi.

Nilimaliza sehemu kumi na mbili, sita kila upande. Kila sehemu mashine inatoa namba yake, sifuri mpaka tatu. Sista Sikuzani, niliyetembea naye misafara minne, alijumlisha.

"Kumi na tisa."

Mama mmoja akampiga Buchumi begani. "Umeshapanda kiberenge, mwanangu."

"Bado, mama," akasema Sista. "Kuna mmoja hajapimwa." Akasimama, akasoma karatasi ya Idara ya Pumzi, kama tunavyotakiwa kuisoma kila kituo. "Chini ya kumi na nne, mgonjwa anasubiri msafara ujao, baada ya miaka miwili. Kumi na nne mpaka ishirini na nne, anaingia kwenye ushindani. Akizidi ishirini na nne, hapandi, leo wala siku nyingine. Msafara huu Nyakasunu mna nafasi moja. Mwenye namba kubwa kati ya wanaoshindana ndiye anayekwenda mjini kwenye ukungu, dawa ya kuvuta. Wakilingana, mdogo anatangulia."

"Aliyezidi ndiye mgonjwa zaidi," akasema mzee mmoja. "Yeye ndiye mnamwacha?"

"Ukungu unasafiri na hewa, baba. Unavutwa. Ukifika ndani unatengeneza kilichoharibika tangu tumboni mwa mama, ute mzito unarudi kuwa majimaji. Pafu lililokwisha kugeuka nyama halivuti hewa. Ukilipatia ukungu, umeumwaga bure."

Yule mzee akaegemea gunia lake. Si kwamba aliridhika. Nimeisikia karatasi ile vituo zaidi ya thelathini na sijaona aliyeridhika nayo. Lakini uongo haina.

Aliyebaki alikuwa mtoto wa miaka tisa, Feza. Alikaa mapajani kwa mama yake, Mwasiti, miguu kama fito na tumbo limetangulia. Nyuma yao alisimama bibi yake, mama mzazi wa Mwasiti, Bibi Nyamwaka, mkunga wa Nyakasunu nzima.

"Babu, hiyo ina baridi?" Feza akauliza alipoona jeli.

"Baridi kama pua ya mbwa."

"Umewahi kushika pua ya mbwa?"

"Nimewahi kulala na mbwa watatu stesheni, mvua ya siku mbili. Walikuwa na adabu kuliko abiria."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa muda mrefu. Bibi yake akampiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, pa, pa, pa, kwa mkono wa mtu aliyeifanya kazi hiyo kila siku. Mtoto akatema kwenye kopo. Nikaanza.

Juu kulia, moja. Juu kushoto, mbili. Nikashuka. Uzi ulikuwa mweupe na mwembamba, unateleza vizuri. Mkia mmoja hapa, hapo hakuna. Chini kulia kwa mbele, sifuri. Ubavuni, moja. Mgongoni, moja. Chini kushoto ubavuni, sifuri. Nilirudia jeli, nikarudia pembe, nikamwinamisha, nikamlaza. Mashine ikasema vilevile.

"Tisa," akasema Sista kwa sauti ndogo.

"Tisa ni nzuri?" Mwasiti akauliza.

"Tisa ni ya kusubiri, mama."

"Asubiri miaka miwili."

"Ndiyo."

Mwasiti akafungua pindo la kanga yake, akatoa vitambaa viwili, akavitandika juu ya goti lake kama mtu anayeonyesha bidhaa. Vyote vilikuwa na damu, ya kimoja ilikuwa imekauka, ya kingine bado.

"Hii ya juzi. Hii ya leo wakati mnashuka kwenye kiberenge. Mashine yako imeiona?"

Nikaweka probu chini, nikabandika sikio langu kwenye mgongo wa mtoto. Idara haina habari na masikio, lakini mimi nilijifunza kusikiliza vifua machimboni kabla sijajua kuwa kuna mashine. Pembeni hewa ilikuwa inapita safi. Katikati, huko ndani karibu na moyo, kulikuwa na kitu kinachochemka kizito, kinapasuka mapovu, kinatulia, kinaanza tena. Ukisimama karibu na karai la saa saba mchana, chumvi inapoanza kushika, ndiyo sauti hiyo.

"Huyu nimemtunza mwenyewe," akasema Bibi Nyamwaka, kwa fahari. "Asubuhi na jioni namkalisha kwenye mvuke wa karai la kwanza, anavuta, anakohoa, nampiga mgongo, anatema. Chumvi nampa kama mbuzi. Wenzake waliozaliwa naye dhaifu hawakufika miaka mitano. Huyu kisima kilimjua."

"Kilimjuaje, bibi?"

Akanieleza huku watu wakiitikia kwa vichwa, kwa kuwa ni jambo la kila nyumba. Mtoto wa Nyakasunu akifikisha siku saba, mkunga anamwosha kwa maji baridi ya mtoni, anamkausha, anamlamba paji la uso. Asipokuwa na ladha, mkunga anamwekea punje ya chumvi ulimini ili aizoee nchi yake. Lakini yuko mmoja mmoja ambaye hata baada ya kuoshwa ana chumvi. Mtoto huyo mkunga anamnyanyua juu na kusema, kisima kimemjua, na wanawake wanapiga vigelegele mpaka jioni.

"Huyu alikuwa mkali kuliko wote niliowalamba," akasema Bibi.

Sista Sikuzani alinitazama, nikamtazama. Mahali pengine popote mama angembusu mwanawe, akaonja chumvi, akashangaa, akauliza. Pale kila shavu lina chumvi. Nani angeuliza? Ngozi ya chumvi ndiyo alama ya kwanza ya ugonjwa huu, na wao walikuwa wanaipigia vigelegele.

*

Mchana nilikaa kwenye kiberenge, miguu inaning'inia juu ya reli. Sista alikuja na vikombe viwili vya uji.

"Sema," akaniambia.

"Ile mashine inaona ukingo. Ugonjwa uliofika ukutani inauona. Uliokaa katikati, ukizungukwa na hewa, hauuoni. Hewa ni ukuta."

"Najua."

"Sasa huyu mtoto kingo zake ni safi. Unajua kwa nini? Mvuke. Matone ya chumvi yale anayavuta asubuhi na jioni, yanalainisha ute, anapigwa mgongo, anatema. Bibi amemsafisha pembeni miaka tisa. Katikati hakufika. Angekuwa hakutunzwa, leo angekuwa na kumi na saba, kumi na nane."

"Angekuwa hakutunzwa, leo angekuwa kaburini."

"Na hiyo pia."

Akanywa uji. Sista Sikuzani ni mtu wa maneno machache, na ana muhuri. Bila muhuri wake namba yoyote ni mchoro tu.

"Ile mashine ya mjini inayoona mpaka katikati?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Iko mjini. Na mjini hapandi mtu bila namba ya kituo." Akazungusha kikombe mkononi. "Marudio yapo, mara moja, hadharani, mbele ya wale wanaoshindana naye. Ukitaka, kesho asubuhi. Lakini mzee, utapata tisa ileile."

"Nitapata tisa ileile kama nitapima pafu."

Aliweka kikombe chini.

Sasa nieleze hapa, maana bila hili mengine hayaeleweki. Chini ya pafu la kulia kuna ini. Pafu lililokufa kabisa, lililojaa ute hadi halina hewa, kwenye kioo linafanana na ini, kijivu kilekile, chembe zilezile. Mashine zenye akili zinatofautisha. Zetu, za kubebwa kwenye kiberenge, hazitofautishi. Ukishusha probu vidole viwili chini ya pale panapotakiwa, mashine inaona ini, inasema tatu. Kushoto, ukishuka hivyo hivyo, kuna bandama, nayo inasema tatu.

Nalijua hilo kwa sababu nilishalifanya. Mwaka wangu wa kwanza, nikiwa na cheti kipya na mikono migeni, nilimpima mwanamke aitwaye Eliminata. Nilimpa ishirini na sita. Nikamsomea karatasi, nikamwambia pole mama, hupandi. Alinishukuru. Mwaka uliofuata mkaguzi alipitia picha zangu, akaniita, akaweka kidole kwenye kioo. Mzee Ambakisye, akasema, hili ni ini. Namba yake ya kweli ilikuwa kumi na nane. Nilimuuliza yuko wapi nikamwombe radhi, akanitazama kama mtu anayemwonea haya mwenzake, akasema ameshazikwa.

Tangu siku hiyo kila nikipima naweka vidole viwili kwanza, halafu probu juu yake. Sista ameniona nikifanya hivyo mara elfu.

"Buchumi anaweza kusubiri," nikasema. "Kumi na tisa siyo ishirini na nne. Akijitunza, miaka miwili atafika. Mtoto hafiki hata miezi sita. Wewe umemsikia."

"Sijamsikia. Wewe ndiye una masikio." Akasimama, akakung'uta gauni. "Sitakuuliza kesho unapima wapi. Usiniambie."

*

Asubuhi ghala lilijaa. Buchumi alikaa mbele, kwenye gunia la karibu kabisa, kwa kuwa ndiyo haki yake. Hakuwa na chuki. Alimletea hata Feza kipande cha muwa.

"Tafuna, mpinzani," akamwambia. "Upate nguvu za kunishinda."

"Nitakushinda kweli," akasema Feza.

Nilianza juu, kama kawaida. Moja. Mbili. Namba zilikuwa zilezile za jana, na Sista alikuwa anaziandika. Nilipofika chini kulia sikuweka vidole vyangu viwili. Nikashuka. Kwenye kioo kikatokea kijivu kile, kimetulia, kizito. Mashine ikasema tatu. Ubavuni, tatu. Mgongoni, tatu. Mkono wangu haukutetemeka, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Nilijumlisha kichwani: kumi na sita. Nikahamia kushoto, nikashuka kwenye bandama.

Feza akajikunyata, akacheka.

"Babu, leo unanitekenya tumboni. Jana hukunitekenya."

Mashine ikasema tatu.

"Kumi na tisa," akasema Sista. Hakuinua macho. "Wamelingana."

Wanawake wakaanza kunong'ona, wakilitafuta lile neno la mwisho la karatasi, wakalipata. Wakilingana, mdogo anatangulia. Mwasiti alijifunika uso kwa kanga. Sista alifungua kopo la wino, akalowesha muhuri, akaushika hewani juu ya karatasi.

Buchumi alikuwa hajaondoa macho kwenye ubavu wa mtoto, pale jeli ilipokuwa bado inang'aa.

"Mzee," akasema. "Kwangu hukupima hapo."

"Kila mtu na umbo lake."

"Mimi nina umbo gani? Jana ulinipima juu, hapa, kwenye ubavu wa tatu kutoka chini. Mtoto umempima chini ya mbavu. Mwenyewe kasema tumboni." Hakupaza sauti. Akavua shati. "Sikatai. Kama hapo ndipo kwenye ugonjwa, nami nipime hapo hapo. Marudio ni haki yangu pia, Sista, ama nimekosea?"

"Hujakosea," akasema Sista.

Akalala kwenye mkeka uleule aliopimiwa mtoto, akanyoosha mkono juu ya kichwa. Nilipiga magoti. Sikuwa na haja ya karatasi kujumlisha. Mbele, moja ingekuwa tatu. Ubavu, mbili ingekuwa tatu. Mgongo, mbili, tatu. Kushoto, moja, tatu. Kumi na tisa na sita. Ishirini na tano.

Hapandi, leo wala siku nyingine.

Nilijaribu njia nyingine. Niliweka vidole viwili, nikapandisha probu mahali pake pa haki. Buchumi akanishika kifundo cha mkono, bila ubaya, akaushusha mkono wangu mwenyewe, vidole viwili, vitatu.

"Hapo," akasema. "Ndipo ulipompima mwenzangu."

Ini lake likatokea kwenye kioo. Mashine hutafakari kwa muda wa pumzi tatu kabla ya kutoa namba. Pumzi ya kwanza nilimwona Mwasiti ametoa uso kwenye kanga, ananitazama. Anajua kitu, hajui ni nini. Pumzi ya pili nilimwona Eliminata akinishukuru.

Nikainua probu. Kioo kikawa cheusi.

"Hapo ni ini, Buchumi," nikasema. "Hapo si pafu. Nikiendelea hapo nitakutoa kwenye orodha maisha yako yote."

"Na mtoto?"

"Na mtoto nilimpima ini."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu. Mvuke uliingia, ukatoka. Sista alirudisha muhuri kwenye kopo, akafunga kifuniko, akachana karatasi ya marudio mara mbili, akaandika upya: Feza, tisa. Buchumi, kumi na tisa. Akapiga muhuri.

Buchumi aliketi, shati mkononi. Nilijikuta namtazama, na nadhani alijua kwa nini.

"Usinitazame hivyo, mzee," akasema. "Mimi sitoi nafasi yangu. Nimekohoa tangu nizaliwe. Sitoi."

"Hakuna aliyekuomba."

"Macho yako yameniomba."

Alikuwa sahihi. Nikayashusha.

Feza alikuwa bado ana kipande cha muwa. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. "Nimeshinda?"

Mwasiti alimbeba. Alipopita mbele yangu alisimama. Nilikuwa tayari kwa tusi, ningelipokea kama haki yangu.

"Ulikuwa umeshafika, mzee," akasema. "Ungenyamaza tu."

*

Kiberenge kiliondoka saa tano, Buchumi amekaa mbele na kifurushi cha chumvi alichofungiwa na mama yake. Sista Sikuzani alichukua probu kutoka mikononi mwangu bila kuniambia kitu, na mimi sikupanda. Hatukuagana vizuri. Aliniachia kopo la jeli, sijui kwa nini. Labda alilisahau.

Bibi Nyamwaka alinikuta nimekaa relini.

"Ile chumvi ya ngozi yake," akasema. "Wewe na yule binti mlitazamana nilipoitaja. Nilimzaa mama yake mtoto huyu, nikampokea na mtoto mwenyewe. Macho ya watu wanaoficha kitu nayajua."

Nikamwambia. Nilisema kwa maneno mafupi kwa sababu marefu sina. Ngozi yenye chumvi hata baada ya kuoshwa ndiyo ugonjwa wenyewe, ukiwa bado hauna kikohozi. Kwamba wote aliowanyanyua juu walikuwa wagonjwa siku hiyohiyo aliyowanyanyua.

Alikaa chini kwenye kokoto. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akitaja majina, na kila jina alikunja kidole. Buchumi alikuwa wa nne. Feza alikuwa wa kumi na moja.

"Kumi na mmoja," akasema. "Walio hai wanne. Nilipiga vigelegele mara kumi na moja."

"Ule mvuke uliokuwa unampa Feza ndio uliomweka hai miaka tisa, bibi. Na chumvi uliyomlisha. Mjini wanafanya hivyohivyo kwa mashine."

Hiyo ni kweli. Nusu nyingine, kwamba mvuke uleule ndio uliomsafishia kingo mashine isimwone, nilibaki nayo. Ninayo bado.

Katika maisha yangu sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya miezi mitatu. Nimekuwa fundi wa mataruma ya reli, nimeanika dagaa, nimechimba, nimelinda maghala. Miguu ikiwasha, naondoka. Nyakasunu nilipanga chumba nyuma ya karai la kwanza. Kila asubuhi Mwasiti alimleta Feza kwenye mvuke, akamwacha na bibi yake, akaondoka bila kunisalimu. Nilibandika sikio.

"Unasikia nini, babu?"

"Karai."

"Limeshika chumvi?"

"Bado."

Tuliendelea hivyo. Bibi alimpiga mgongo asubuhi, mimi nilimpiga jioni, nilimwinamisha kichwa chini ili cha katikati kishuke, kama nilivyoona wachimbaji wakifanyiana. Kuna siku alitema vizuri akakimbia mpaka kisimani na kurudi. Kuna siku hakuweza kunywa maji bila kupumzika. Ilipofika mwezi wa tatu Mwasiti akaanza kunisalimu. "Shikamoo, mzee," tu, na kupita.

Mwezi wa nne, saa saba mchana, Feza alilala na mgongo wake kwenye sikio langu, akasema, "Leo limeshika, babu. Hata mimi nalisikia."

Siku ile walilaza vioo vyote kifudifudi, ndiyo desturi yao ya msiba, na makarai arobaini yakapoa na maji ndani.

Baada ya arobaini nilifunga begi. Miguu ilikuwa inawasha. Nilikuwa mlangoni Bibi Nyamwaka alipoleta ujumbe kwamba kuna mtoto anatimiza siku saba kwenye nyumba ya pili kutoka ghalani, nami nije. Nikamwambia mimi si wa nyumba hiyo. Akasema, njoo.

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake. Alimwosha mtoto kwa maji ya mtoni, akamkausha, akamwosha mara ya pili, jambo ambalo hawakulizoea, wakatazamana. Akamlamba paji la uso. Akafumba macho, akakaa na ile ladha mdomoni.

Wanawake walikuwa wameshaweka ndimi tayari kwa vigelegele. Mama wa mtoto alikuwa anatabasamu, anangoja lile neno.

Bibi hakulisema. Hakumnyanyua juu. Aliikunja kanga ya mtoto taratibu, akamgeuza mtoto kifudifudi kwenye kiganja chake, akanisogezea ule mgongo mdogo.

Nikaweka begi chini, nikainama.